Baraza Niliyoiacha kwa Ajili ya Kuku

Katika mtaa wa maduka ya vitambaa hapa Songea, fundi cherehani hana ofisi. Ana baraza ya mtu. Mteja anaingia dukani, anachagua kitenge, na akitoka anamkuta fundi mlangoni. Anapimwa hapo hapo, anaacha kitambaa, anakwenda zake sokoni. Mwenye duka anauza zaidi kwa sababu fundi yupo, na fundi anapata wateja kwa sababu duka lipo. Hakuna mkataba. Kinachomfanya fundi awe na mahali pake ni kuwepo. Akiwepo kila siku, hata mvua ikinyesha, hata wateja wasipotokea, mahali ni pake. Akianza kukosekana, baraza inabaki tupu, na mwenye duka anaanza kuitazama.

Naanza na maelezo haya kwa sababu watu wakisikia nina uchungu na ule mradi hudhani nalilia kuku. Kuku ni kuku tu. Nilicholilia mimi ni baraza.

Miguu yangu yote miwili ilipooza kwa polio nikiwa mdogo. Natembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na cherehani changu nacho ni cha mkono: wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa. Ukizoea, mikono miwili inafanya kazi bila kugombana. Nimeshona hivyo sare za shule, magauni ya komunyo ya kwanza, na vitenge vya kina mama wa parokia wakati wa sikukuu zao.

Mtaa ule una mtaro wa maji ya mvua upande wa maduka, mtaro wa kina, na baraza zote ziko juu, zinafikiwa kwa ngazi. Mwenye miguu anauruka mtaro akiongea na simu. Mimi, katika mtaa mzima, nilikuwa na baraza moja tu niliyoweza kuifikia. Ilikuwa ya duka la mzee mmoja aliyehamia hapa zamani kutoka pwani, ambaye mtaa mzima tunamwita Alhaji. Yeye alikuwa akipokea marobota ya vitambaa kwa mkokoteni, na kwa ajili ya mkokoteni alimwaga zege juu ya mtaro, likapanda taratibu mpaka barazani. Mkokoteni ulipopita, na mimi nikapita.

"Hili zege nililiweka kwa ajili ya marobota," aliniambia siku moja. "Kumbe Mwenyezi Mungu alikuwa anakutengenezea wewe njia."

"Basi mimi ni robota, Alhaji."

"Robota, tena zito. Na haliuziki."

Tuliishi hivyo kwa miaka mingi. Hakunitoza kodi. Mimi nilimfagilia baraza na kumtazamia mlango akienda kuswali, na wateja wakitaka kuondoka bila kununua, nilijua la kuwaambia.

Ofisa wa maendeleo ya jamii alinikuta pale barazani. Alikuwa msichana mgeni mkoani, bado anashangaa baridi yetu ya mwezi wa saba, amejifunga mtandio mpaka masikioni. Nataka nimtendee haki. Alikuwa mtu mwema, na sijawahi kumsikia akimdharau mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitambaa kipo?"

Akacheka, akasema hakuja kushona. Alikuja kunieleza kuhusu mradi wa kuwawezesha watu wenye ulemavu. Serikali ilikuwa na fungu, na kata yetu ya Ruhuwiko, ninakoishi, haikuwa na kikundi hata kimoja. Alikuwa ametafuta nyumba kwa nyumba. Nilimsikiliza kwa hamu, maana nilikuwa na haja zangu tayari kichwani. Nikamwambia nahitaji mota ndogo ya umeme ya kufunga kwenye cherehani, ili mkono wa kulia upumzike, kwa sababu bega lilikuwa limeanza kuuma. Nikamwambia pia namfahamu mzee mmoja asiyeona anayesokota kamba za katani, zile ambazo wakulima wa tumbaku wa Namtumbo humfuata nyumbani kuzinunua wakati wa msimu. Yeye anahitaji katani ya kutosha tu. Na namfahamu dada mmoja kiziwi, msusi, ambaye kibarazani kwake hapakosi vichwa viwili vitatu vinavyosubiri. Yeye anahitaji kioo na viti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama, haiwezi kuwa hivyo. Mradi ni wa kikundi. Kikundi kinakuwa na shughuli moja, sehemu moja."

"Lakini sisi tayari tuna shughuli. Kila mtu ana yake."

"Hizo ni za mtu mmoja mmoja. Zinakuwa ngumu kufuatilia. Wakubwa wakija, nitawapeleka wapi? Kwako, halafu kwa mzee, halafu kwa msusi?"

"Ndiyo. Si mbali."

Akatabasamu kama mtu anayeongea na mama yake. "Fikirieni kuku. Kuku ni mradi mwepesi, hauhitaji nguvu. Unawafaa sana watu wetu."

Hapo ndipo ningependa msomaji asimame nami kidogo. Huyu binti alikuwa amekaa mbele ya fundi anayeshona, mwenye wateja, na akaona mtu asiye na kazi anayehitaji kupewa kazi nyepesi. Hakunidharau. Alikuwa amefundishwa hivyo. Mpango wenyewe ulianza na kuuliza tunakosa nini, na jibu lilikuwa limeshaandaliwa kabla hatujafumbua mdomo. Kile tulichokuwa nacho hakikuwa na nafasi ya kuwekwa.

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa sababu bila mimi kikundi kisingetimia, na wale wawili walikuwa wameshapata matumaini. Nilikubali pia kwa sababu mtu akizoea kutoitwa, siku anapoitwa huwa hasemi atakuja kesho.

Mafunzo yalifanyika katika jengo la ghorofa, chumba cha juu. Baiskeli ilibaki chini kwa mlinzi, nikapanda kwa makalio, ngazi moja moja, sketi nimeifunga magotini. Huko juu palikuwa na picha za kuku ukutani, na mtaalamu wa mifugo akawa anaonyesha kwa fimbo. Mzee asiyeona alikaa upande ambao fimbo ilikuwa inagonga ukuta.

"Anaonyesha nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kuku mwenye ugonjwa wa mdondo. Kainamisha shingo."

"Mimi kuku siwaoni," akasema, "lakini wao wananiona. Tumeanza vibaya."

Dada msusi hakuwa na mkalimani. Alikuwa ananitazama mimi, nami namtafsiria kwa ishara zetu za mtaani, ambazo zinatosha kuulizana bei na habari za watoto, lakini hazina neno la chanjo. Nikajichoma kidole kwenye mkono kama sindano, nikapiga mabawa. Akaelewa kwamba kuku wanachomwa. Baadaye tuligundua kwamba alidhani wanachomekwa kijiti ili wabanikwe motoni, na alikuwa amekaa siku nzima akistaajabu kwa nini tufundishwe kwa picha jambo ambalo kila mtu analijua.

Tulichekea hilo kwa muda mrefu. Tulikuwa bado tunacheka wakati huo.

Mzee akawa mwenyekiti, mimi katibu, msusi mhazini. Eneo tukapewa na mtaa, bondeni upande wa chini wa Ruhuwiko, mahali ambapo barabara inaishia na njia ya udongo mwekundu inateremka. Kiangazi niliteremka nikishika breki kwa mikono yote. Masika sikuteremka, nilikokotwa. Lakini banda lenyewe lilikuwa zuri. Bati jipya, wavu mpya, sakafu ya zege iliyosawazishwa kama meza. Na mlangoni mafundi walimwaga mteremko safi wa zege, mpana, ili toroli la pumba na mbolea lipite bila kikwazo. Nililipenda lile zege. Nilikuwa naingia bandani bila kusukumwa na mtu, na siku ya kwanza niliingia na kutoka mara kadhaa bila sababu yoyote.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi pamoja na watu wengi. Hapo ndipo ilipoanza ile desturi ambayo hakuna aliyetulazimisha kuifuata. Kwetu huku, mgeni akifika mahali penye kuku, akawaona kwa macho yake, kisha akaondoka bila kuchinjiwa, aibu ni ya mwenyeji. Inasemwa nyuma yako kwa miaka. Sisi tulikuwa wenyeji kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya ukubwani. Watu wenye ulemavu hawatembelewi na wakubwa. Huwa ndio wanaopelekwa kwao. Kwa hiyo tulichinja. Tena tulichinja mtetea mnene aliyeanza kutaga, maana kumpa mgeni kuku mbovu ni vibaya kuliko kutompa. Kwa kuwa wageni walikuwa wa dini zote, tulimtafuta jirani Mwislamu, dereva wa bodaboda, atuchinjie ili kila mtu ale bila shaka. Mzee akapapasa sahani, akaipata firigisi, akamkabidhi mgeni rasmi kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akasema kikundi hiki ni cha mfano.

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Kikundi cha mfano kinaonyeshwa.

Wageni wa kutoka mkoani walipokuja, tulionyeshwa. Wageni wa kutoka wilaya nyingine waliokuja kujifunza, tulionyeshwa. Wakaguzi, wapiga picha, wafadhili, viongozi wapya waliohamishiwa hapa na kutaka kujua maeneo yao, wote waliletwa bondeni. Kila walipokuja, mtetea mmoja alikwenda, na ugeni ukiwa mkubwa, wawili. Ijumaa moja ya Kwaresima walikuja, tukawapikia, sisi Wakatoliki tukakaa pembeni na chai ya rangi tukiwatazama wakila mradi wetu. Ofisa wetu mwenyewe alikuwa anasema, "Jamani msijisumbue." Lakini alisema hivyo akinawa mikono.

Mzee alikuwa na neno lake kila mara. Alikuwa akisikia gari linateremka, anageuza kichwa kuelekea bandani. "Waambieni wale wa ndani," anasema, "kwamba mgeni wao amefika."

Kilichokuwa kinaliwa pamoja na kuku ni siku zetu. Simu ilikuwa inapigwa jioni: kesho kuna ugeni, wanakikundi wote wawepo bandani kuanzia asubuhi. Ilikuwa lazima tuwepo sisi wenyewe, kwa miili yetu. Kuku wangeweza kuonekana bila sisi, lakini wageni hawakuja kuona kuku. Basi tunakaa. Saa nne hawajafika. Saa sita wako kwenye kikao. Alasiri wanafika, wanazunguka banda, wanauliza tunajisikiaje, wanapiga picha mimi nikiwa nimeshika yai, wanakula, wanaondoka. Watu wanaopanga mambo haya hudhani mtu mwenye ulemavu siku yake haina kitu ndani. Hata siku moja hatukuulizwa, "Kesho mna nafasi?"

Dada msusi alikuwa anarudi kwake anakuta kibaraza hakina mtu. Nywele hazisubiri ugeni. Mwanamke ana harusi Jumamosi, anakwenda kwa mwingine, na akisukwa vizuri huko harudi. Msimu wa tumbaku, wakulima wa Namtumbo walikuja nyumbani kwa mzee, wakaambiwa yuko bandani na wageni. Walipokuja mara ya pili, wakaambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu hawakuja. Wakanunua kamba za nailoni dukani.

Na mimi, baraza.

Mwanzoni Alhaji alikuwa ananitania. "Fundi kuku, umerudi? Wateja wako nimewaambia umekwenda kwenye ndege zako." Aliniwekea vitambaa ndani, kila kimoja na karatasi yenye jina. Baadaye akaacha kutania. Siku moja nilipofika, alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma.

"Fundi, jana walikuja kina mama wa parokia, kundi zima. Walichagua kitenge kimoja wote. Wakauliza fundi yuko wapi."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia kesho. Wakasema na juzi niliwaambia kesho. Wakakirudisha kitenge kwenye rafu. Sikulaumu, fundi. Huo ni mradi wa serikali, una heri yake, inshallah. Lakini baraza haikai tupu. Baraza tupu inasema duka linakufa."

Nilimweleza ofisa. Nilimwambia wazi, kama ninavyoandika hapa: siku ninayokaa bondeni kusubiri wageni, mjini ninakaliwa mahali pangu. Nikamwomba nije bandani siku za zamu yangu tu, wageni wapokewe na aliyepo. Aliumia, nilimwona.

"Mama, ukikosekana wewe watasema kikundi kimekufa. Wewe ndiye unayejua kuongea. Vumilia kidogo, mradi ukisimama utaacha hata kushona."

Alidhani ananipa habari njema.

Vifaranga wa mitetea waliobaki wakakua wakati wa masika. Siku ya chanjo mtaalamu alileta dawa kwenye kikasha chenye barafu, tone moja la jicho kwa kila kuku. Lakini kuku lazima akamatwe kwanza. Mimi kwenye baiskeli siwezi kumfukuza kuku. Mzee alikamata wale waliomkanyaga. Dada msusi alikuwa na miguu na macho, akawakimbiza mpaka akachoka, lakini mtaalamu alikuwa anampigia kelele kutoka nyuma, "Huyo tayari! Huyo bado!" na yeye hasikii, basi baadhi walipata mara mbili na wengine hawakupata. Dawa ikapata joto. Siku chache baadaye tukasikia ule ukimya wa bandani, mzee akiwa wa kwanza kuusikia. Walikuwa wameinamisha shingo, kama kwenye picha.

Kuna watu watasema hapo ndipo mradi uliposhindwa. Hapana. Mdondo ulimaliza kilichobakizwa na wageni.

Kikao cha kufunga kilifanyika ofisini, safari hii chini, kwa sababu nilikataa kupanda. Mkubwa mmoja, ambaye alikuwa amekula bondeni zaidi ya mara moja, alisema changamoto ya makundi haya ni ushiriki. Wanufaika hawajitumi. Wanapewa, lakini hawana moyo wa kazi. Ofisa wetu alitazama meza. Mzee aliinua mkono, akaruhusiwa.

"Mheshimiwa, mimi naomba kuuliza. Wewe ulipata firigisi ngapi?"

Wachache walicheka. Mkubwa akaendelea na ajenda.

Kesho yake nilifunga cherehani changu nyuma ya baiskeli, nikaingia mjini mapema. Nilipanda lile zege la Alhaji, na nilipofika juu nikakuta cherehani kingine. Kilikuwa cha miguu, cha meza. Nyuma yake alikaa mwanamke mwembamba, mjane, kama nilivyokuja kujua, aliyetoka Namtumbo na watoto wake baada ya mumewe kufariki. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo dada."

Angenipokea kwa kiburi ningejua la kufanya. Nilisema, "Marahaba."

Alhaji alitoka. Hakuzunguka maneno. "Fundi, nilikusubiri. Wallahi nilikusubiri mpaka wateja wakaanza kuniuliza kama umefariki. Huyu alikuja akakaa siku ya kwanza, akakaa ya pili. Hajakosekana. Sasa nimfukuze na watoto?"

"Sikuambii umfukuze."

"Baraza inatosha watu wawili. Kaa upande ule."

Upande ule ulikuwa ng'ambo ya mlango, wa ngazi. Zege lilikuwa linafika upande mmoja tu, na meza ya cherehani cha miguu iliziba njia yote ya kupita. Nilimweleza. Alitazama ngazi zake kwa muda, kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza, na yule mjane akaanza kuvuta meza yake ukutani ili nipite. Tulijaribu. Gurudumu lilikwama. Tulijaribu kwa kuigeuza meza, lakini mguu wa mjane ukakosa nafasi ya kukanyagia. Akajaribu kuihamishia yeye upande ule, lakini sakafu ya huko imeinama, meza ikayumba.

"Ningekumwagia zege lingine upande ule," Alhaji akasema, "lakini siku hizi mtaro ni wa manispaa. Nilipoligusa hili kulikarabati tu, waliniita."

Basi nikaenda manispaa. Nilimtafuta ofisa wetu, nikamkuta uani anakula muhogo wa kuchoma, akanipatia kipande. Nikamweleza ninachotaka: kipande kimoja cha zege juu ya mtaro, upana wa baiskeli yangu, mbele ya baraza yoyote ya mtaa ule ambayo mwenyewe atanikubali. Wenye maduka wawili walikuwa wameshanikubali, kwa mdomo. Nikamkumbusha sakafu ya banda, na mteremko wa toroli.

"Mama, natamani," alisema, na najua alitamani. "Lakini hiyo si shughuli ya kuwezesha. Hiyo ni miundombinu. Ni idara nyingine kabisa, na wao wana mipango yao ya barabara."

"Na banda?"

"Banda lilikuwa ndani ya mradi."

"Kwa hiyo ningekuwa kuku ningepata."

Hakucheka. Macho yalimlowa, akanishika mkono, nikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Nilimwambia asijali, aendelee na kazi, na siku nyingine akipewa nafasi ya kupanga, aanze kwa kuuliza mtu anafanya nini sasa hivi na kinachomzuia ni nini. Alisema atakumbuka. Amehamishwa. Naamini anakumbuka huko aliko, lakini sidhani kama anaulizwa.

Nilijaribu kushonea nyumbani Ruhuwiko. Majirani walileta vya kuweka viraka na suruali za kufupisha. Lakini mtu wa kitenge kipya hapandi huku. Ananunua mjini, anapimwa mjini. Kisha siku moja yule mjane alinitumia ujumbe. Kazi ilikuwa imemzidi, na yeye hana subira ya kumalizia. Je, naweza kumpigia mapindo na matundu ya vifungo? Sasa mfuko unakuja kwa bodaboda, nguo zikiwa zimeshakatwa na kuunganishwa. Nafanya mapindo, matundu, kola na urembo wa shingo, kisha mfuko unarudi. Ananilipa kwa haki. Huwa anaweka na vitumbua juu ya nguo, vimefungwa kwenye gazeti. Nimejaribu sana kumchukia na sijaweza.

Kuna watu wenye ulemavu wanaonipigia simu wakiitwa kwenye vikundi vipya. Siwakatazi. Nawaambia waende, wasikilize, waseme wanachotaka bila kuogopa, na wakiona wanapangiwa kitu kingine, wathubutu kurudi kwenye kazi zao mapema kuliko nilivyothubutu mimi. Nawaambia kwa moyo mkunjufu kabisa. Nikikata simu nabaki na hasira yangu.

Jumapili iliyopita kina mama wa parokia walivaa sare mpya. Kitenge cha bluu, shingo ya mraba, pindo pana. Nilikuwa nimekaa kwenye baiskeli yangu karibu na mlango wa pembeni, na baada ya misa mwanamke mmoja alisimama kunisalimia. Ni mwalimu, amehamia hapa karibuni, bado hajui nani ni nani. Tuliongea habari za shule na za mvua. Kisha akaitazama blauzi yangu, ambayo ni ya zamani kidogo, akasema kwa wema, akiinua pindo la gauni lake nilione kwa karibu:

"Dada, na wewe ungemwendea yule fundi wa barazani mjini, pale kwa Alhaji. Tazama anavyomaliza pindo. Huoni hata uzi."

Nililishika lile pindo, nikaligeuza ndani na nje.

"Kweli," nikamwambia. "Ni kazi nzuri."

"Nitakupeleka siku moja ukitaka."

Nikamshukuru. Akanisukuma mpaka getini, tukaagana, yeye akashuka kuelekea mjini na wenzake, nami nikashika njia ya Ruhuwiko.